Futi Tatu

Brylee alisoma utepe wa kupimia kwa mara ya tatu. Futi arobaini kamili. Kutoka anaposimama mrushaji hadi kwa mpigaji, sheria ya vyuo inataka arobaini na tatu.

Alikuwa amepiga magoti ndani ya banda jipya la mazoezi, fahari ya uwanja wa chuo chao wa softiboli, mchezo wa kurusha mpira na kuupiga kwa gongo: kiyoyozi, kamera sita, jina la mfadhili ukutani. Tangu Februari, mrushaji namba moja tu, yaani yeye, ndiye aliyeruhusiwa humo. Mrushaji wa pili, msichana wa mwaka wa kwanza, alibaki nje, kwenye udongo wa zamani, upepo wa Oklahoma ukimchapa.

Humu ndani mipira ya Brylee ilifika ilikotumwa. Uwanjani ilishuka mapema mno. Kocha alikuwa ameshamrekebisha hatua, kiwiko, hata saa za kulala.

Sasa kocha huyo aliingia na orodha ya mechi ya Jumamosi. Mrushaji aliyeandikwa ni yule wa mwaka wa kwanza.

"Usininunie, binti. Mazoezini simba, uwanjani paka. Huo ni woga."

"Kocha, hapa ni futi arobaini. Kipimo cha watoto."

"Visingizio hivyo. Banda hili limepimwa na wahandisi."

"Na lina kamera sita. Najua."

Kocha akacheka, akageuka aondoke. Brylee alimtangulia mlangoni, akamnyooshea utepe, ncha akibaki nayo mwenyewe.

"Shika hapa. Kasimame pale pa mpigaji, halafu unisomee kwa sauti."

Kocha aliitazama orodha yake, akaihamishia mkono wa kushoto, akaupokea utepe.