Ute Mwekundu

Siku ya tatu Chrispinus aliliondoa blanketi juu ya tangi la samaki, akakuta ute mwekundu umenona badala ya kufa. Ulikuwa umetanda mchangani na kupanda hadi kwenye matumbawe. Samaki mmoja alikuwa ameshageuka tumbo juu.

Haikuwezekana. Ute ule ni bakteria, nao huishi kwa mwanga na mabaki ya chakula. Kabla ya kulifunika tangi aliufyonza wote kwa mpira, akabadilisha nusu ya maji ya chumvi, akazima taa, na tangu hapo samaki hawakuonja kitu. Basi kulikuwa na mtu aliyekuwa akilifunua blanketi na kuwalisha.

Ilikuwa Jumatano. Ijumaa mwenye hoteli kutoka Kilifi angefika Shirere kulikagua tangi hilo. Akiridhika, Chrispinus angekwenda Pwani kutunza matangi yake makubwa, mkataba wa miaka mitatu. Baada ya miaka tisa ya kibarua cha kuosha chupa za maabara ya shule, aliitaka kazi hiyo mpaka ikamkosesha usingizi.

"Mama Cindy," alimwita mkewe, Lynette. "Nani amekuwa akigusa hapa?"

"Si mimi. Na mama hawezi. Yeye huwanga anaogopa hata kupita hapo."

Mama huyo wa Lynette, Sellah, alikuwa ametoka Matete kuhudhuria kliniki, akafikia chumba cha nje. Hapo ndipo ugumu ulipoanzia. Kwa desturi zao mtu na mama mkwe wake hawakai pamoja wala hawatazamani. Chrispinus akikohoa mlangoni, mama huondoka kwa mlango wa jikoni. Utamshtaki vipi mtu ambaye huruhusiwi hata kumsalimia uso kwa uso? Na Sellah alijulikana: kwake hata mgonjwa anayetapika husukumiwa obusuma, ugali wa kwao. Samaki walale njaa siku tatu, naye atazame tu?

"Mwambie asiwape chakula," Chrispinus alisema kwa hasira. "Ananimaliza."

"Nitamwambia," Lynette alisema. "Na huyo mtu asipopenda tangi, si utabaki tu hapa na sisi?"

"Nibaki nikifanya nini?"

 Lynette alirudi jikoni kuangalia sufuria yake.

Chrispinus aliufyonza ute upya, akalifunika tangi. Kesho yake alfajiri alichomeka simu yake ya zamani kwenye chaji, akaificha rafuni kati ya vitabu, kamera ikilitazama tangi, akaenda kazini. Kutwa nzima hakuosha chupa ikatakata.

Jioni alijifungia chumbani. Video ilikuwa ndefu, akagusa katikati. Mkono wenye mikunjo ulikuwa ukiinua pembe ya blanketi. Alikuwa Sellah.  Mila au si mila, leo angemkabili.

Lakini mama hakushika obusuma. Alishika chujio la chai. Alilizamisha majini mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, akichota kitu mchangani harakaharaka huku akigeuka kutazama mlango. Kila lilipotoka, lilikuwa na punje za mbolea, ile ya kupandia miwa, chakula tosha cha ute.

Chrispinus aliirudisha video nyuma, saa moja, saa mbili, mpaka asubuhi ile ile, dakika chache tu baada ya yeye kutoka. Lynette alikuwa amepiga magoti mbele ya tangi, kikombe mkononi, akidondosha punje mojamoja. Alipomaliza alilinyoosha blanketi vizuri, kisha akafuta macho yake kwa pembe ya blanketi hilo.