Kiboksi cha Posa

"Humu mna mashine ndani ya mashine," alieleza Matar, kakigusa kiboksi alichokibandika kando ya pampu. "Ya nje ni chipu, kama ukucha. Ya ndani ni mashine pepe. Haipo, lakini inafanya kazi."

"Kinyume chako," alisema Bi Maisara. "Wewe upo."

Mumewe, Mzee Khatib, hakucheka. Matar alikuwa kaleta posa ya binti yao Nadhira, na mzee kaijibu kwa sharti. Mji Mkongwe maji ya bomba huja yakitaka yenyewe, kama mgeni wa heshima. Basi chipu iyasikie yakija, iwashe pampu, ijaze tangi la juu. Wiki nzima, asiguse mtu. Tangi likikauka hata siku moja, Nadhira anaolewa na mtoto wa ami yake wa Chwaka.

Swichi ya pampu mzee aliizungushia solotepu kwa mkono wake.

"Na hiyo chipu inakula nini?"

"Kibetri cha saa tu, mzee. Mwaka mzima kashiba."

Siku ya kwanza tangi likajaa. Ya pili likafurika. Matar akaanza kutembea kama aliyeyavumbua maji yenyewe.

Kila alipokuja kukagua, Bi Maisara alimkingia mlangoni, kajishika kiuno, pindo la kanga limerowa.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Rudi ulikotoka. Sharti ni asiguse mtu, nawe ni mtu, japo kwa shida."

"Ajabu," mzee alisema jioni moja, katoka kwenye karata zake. "Mbona pampu siisikii kunguruma?"

"Ndo usasa huo, mzee," Matar alidakia.

"Ndo uzee huo," alisema Bi Maisara. "Mie mchana kutwa naisikia. Kichwa chaniuma."

Ijumaa, wiki ilipotimia, mzee akapanda na ufito kupima tangi. Pomoni. Akashuka, akaikagua solotepu yake: nzima. "Posa tumeikubali," alisema, akaelekea ndani kuvaa kanzu ya msikitini.

Matar akachomoa simu mfukoni akipige picha kiboksi chake. Kikaanguka kitu, kikabiringika sakafuni. Kibetri cha saa, bado kimo kwenye karatasi ya dukani.

Bi Maisara akakikanyaga kabla mzee hajageuka.

"Harusi iwe mwezi huu huu, mwanangu," alinong'ona. "Mgongo wangu hauwezi kupandisha ndoo hadi mwezi ujao."