Vidole Vingapi

"Nataka hii inayofungwa nyuma ya trekta," alisema mume wa Marlys pale dukani, akiipapasa mashine ya kurusha theluji. "Ina nguvu."

Marlys alijua kwamba mashine ya nyuma humlazimu dereva kuondoa theluji akienda kinyumenyume, shingo imegeuka, kutoka mlangoni hadi barabarani. Aliijua pia shingo ya mumewe, na kovu la upasuaji lililojificha chini ya kola.

"Haya, panda trekta hili nikuone, mzee wangu."

Alipanda huku anatabasamu. Marlys akazunguka nyuma yake.

"Geuka. Nimenyoosha vidole vingapi?"

Mabega yalisogea kidogo. Shingo ilikataa. Muuzaji akatazama viatu vyake.

"Vitatu," akajibu mumewe bila wasiwasi.

"Umepatia," alisema Marlys, mikono yote miwili ikiwa mifukoni, na kwa kidevu akamwonyesha muuzaji mashine nyingine, ile inayofungwa mbele.