Wimbo wa Mwalimu Barthélemy

Léonard alikuwa amebakiza hatua tano tu afike mlangoni kwake alipousikia wimbo. Alisimama nyuma ya ua wa matete, mzigo mgongoni, tope la njia ya Walikale likiwa bado miguuni.

Ndani gitaa lilikuwa linalia polepole, na binti zake wawili wanaimba kwa kupokezana.

«Papa yetu...»

Hakusikia zaidi. Kijiti kilivunjika chini ya mguu wake, na sauti zikakatika. Alipoingia, Archange, mwenye miaka minane, alimtazama kama anayejaribu kukumbuka ndoto. Kétsia, mwenye mitano, alikimbilia nyuma ya mpiga gitaa.

Mpiga gitaa alikuwa Barthélemy, kaka yake wa tumbo moja, mwalimu wa shule ya Kibabi na kiongozi wa kwaya.

Miaka miwili Léonard alikuwa amefungiwa upande wa pili wa vita. Alikwenda Walikale kuchimba mawe ya madini, akitegemea kurudi baada ya miezi mitatu. Barabara ikafungwa nyuma yake. Kule msituni alijipa moyo kwamba watoto wanamlilia. Hakuwaza kwamba watakuwa wanaimba.

Majirani walimsimulia mengi, na kila jambo jema lilimchoma. Barthélemy ndiye aliyembeba Kétsia mgongoni mpaka Burungu walipokimbia mara ya kwanza, na ndiye aliyembeba kumrudisha. Wanajeshi walipoezua mabati ya shule, alifundishia kanisani, na maharagwe aliyolipwa na wazazi wa wanafunzi aliyafikisha yote kwa Emérita, mke wa Léonard. Yeye mwenyewe hakuoa.

«Aoe kwa nini?» Léonard alijisemea. «Ameisha kupata.»

Akaanza kupeleleza. Alimwona Emérita akimpakulia shemeji yake foufou bila kumuuliza atakula kiasi gani. Alimwona Kétsia, mwiba umemchoma mguuni, akimpita baba yake mlangoni na kwenda kumnyooshea Barthélemy mguu. Na kila siku baada ya masomo, wimbo ule ule. Yeye akikaribia, wananyamaza.

«Kaka yako alitulinda kwa sababu yako,» Emérita alimwambia. «Ule wimbo, uliusikiliza mpaka mwisho?»

«Mwanzo wake ulinitosha.»

Jumapili moja baada ya misa, Barthélemy alikaa kwenye kizingiti na watoto, akakaza nyuzi za gitaa, zile alizozitengeneza kwa waya za breki ya pikipiki. Kabla hawajatamka neno, Léonard alimnyang'anya gitaa akalipiga kwenye jiwe.

«Mafahali wawili hawakai zizi moja,» alisema, majirani wakisikia. «Toka kwangu.»

Barthélemy alitazama vipande vya mbao, kisha akawatazama watoto.

«Mudogo yangu, nitaenda. Lakini ule wimbo usiwakatalie. Acha nikuambie sababu...»

«Sitaki kusikia kitu! Uliwafundisha ya kutosha.»

Mwalimu alishika njia ya Walikale, mikono mitupu. Léonard aliwasimamisha watoto mbele yake.

«Mwenye ataimba tena ule wimbo, hata mbele ya nani, mimi siko papa yake. Mumesikia?»

Archange aliinamisha uso. Kétsia alitikisa kichwa kukubali, macho yamemtoka, kisha, kwa mara ya kwanza tangu Léonard arudi, akamsogelea na kumshika kidole. Moyo wa Léonard ulijaa. Akaona ameshinda.

Wiki tatu baadaye, siku ya soko, risasi zililia juu ya mlima. Kibabi nzima ilimwagika njiani. Léonard alidhani watoto wako na mama yao; Emérita alidhani wako na baba yao. Walipokutana ng'ambo ya mto, walikuwa wawili tu.

Walitafuta miezi miwili, kambi kwa kambi, mpaka wakajenga kibanda cha majani ya migomba Burungu, kwa kuwa miguu ilikuwa imekataa. Hapo ndipo alipowafikia, mchana mmoja, mfanyabiashara wa Butembo aitwaye Mumbere, mwenye duka Mubi. Alikuwa amemshika Archange mkono.

«Ni wewe Léonard wa Kibabi?» aliuliza. «Nilimupata huyu pembeni ya barabara, mu kundi ya watoto wenye kupotea. Wengine walijua tu kusema papa, mama. Yeye nilimuuliza kwabo ni wapi, akaniimbia. Basi nilifuata wimbo mpaka Kibabi, na kule wakanielekeza hapa.»

Emérita alikuwa amekwisha kumkumbatia mtoto. Archange alimtazama baba yake kwa woga, kisha akaimba, kwa sauti ndogo sana:

«Papa yetu ni Léonard, mutu wa Kibabi,
mama yetu ni Emérita, wa nyumba ya pembeni ya kanisa.
Wewe mwenye kutuokota,
utupeleke kwabo, wanatungoja.»

Léonard alipiga magoti. Akachungulia nyuma ya mtoto, kule njiani, lakini njia ilikuwa tupu.

«Na mudogo yako?»

«Tulipotezana mu msitu, Papa. Kiisha nikamuona juu ya lori ya wakimbizi. Mama mumoja alikuwa anamubeba, anamuuliza: papa yako ni nani? Lori ilikuwa inaanza kutembea. Nilikimbia, nikapiga kelele: Kétsia, imba!»

«Na yeye?»

«Alijifunga kinywa na mikono yote mbili, Papa. Akanikatalia na kichwa.»