Unyayo wa Mheshimiwa Kenge

Hivi wewe, ukiambiwa ulete nyayo za wezi, utaanza na za nani? Wanyama wa Bondeni, Mlimani na Mtoni walianza na za majirani.

Nchi hizo tatu zilikubaliana kuweka pamoja nyayo za wezi zilizochapwa kwenye udongo, ili mwizi akivuka mpaka atambulike popote. Waliiita kanzidata, na hakuna mjumbe aliyethubutu kuuliza maana yake. Kila nchi ilileta wezi wa wenzake. Wa kwake haikuwakumbuka. Kenge wa Mtoni, mwenyekiti aliyependa sherehe kuliko kazi, alikanyaga udongo mbichi, akapigiwa makofi, na unyayo wake ukatundikwa mlangoni kama kumbukumbu ya uzinduzi.

Kesho yake Kanga wa Bondeni akaja na bonge la udongo lenye unyayo, alilolitoa kiotani kwake. Mayai yake yalikuwa yameibwa, limebaki moja.

"Mama, tumetafuta, unyayo huu haumo," Kenge akasema. "Na mfumo haukosei. Pengine uliyala mwenyewe ukasahau."

"Nile wanangu, Mheshimiwa? Haya, asante."

Kanga akaondoka, lakini mlangoni akasimama. Akaliinua bonge lake kando ya ule unyayo wa uzinduzi. Vidole vinne huku, vinne kule, na cha tano kimekatika palepale.

Wajumbe wote wakaanza kukagua dari.

"Mheshimiwa," Kanga akauliza, "hili yai lililobaki nimwachie nani alilinde?"

Kenge akajibu, "Mimi usiniachie, mama. Yale mengine niliyala mimi."