Habari Njema kwa Mama

Sheria iliwataka wauguzi wa wodi ya mapafu wavae barakoa hata nyumbani, miaka yote ya utumishi. Barakoa ikiachia shavuni hulia kama king'ora, na mvaaji hupelekwa karantini siku kumi. Kilichoifanya iachie zaidi ni kicheko. Ndiyo maana Tunu, binti wa muuguzi Zaituni, alizoea kumpa mama yake habari njema kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

Siku aliyostaafu, Zaituni aliivua barakoa mbele ya bintiye.

“Samahani, mama,” Tunu alisema, macho chini. “Nimekuwa wa kwanza darasani.”

“Niangalie, mwanangu. Leo nacheka nitakavyo.”

Tunu alimwangalia, akangoja.

“Basi cheka, mama.”

Zaituni, moyo umemjaa furaha, alidhani anacheka. Akajipapasa mashavu. Yalikuwa yametulia tuli.