Zipu ya Mgongoni

Bi Salme, fundi cherehani, alifumua tena zipu ya mgongoni. Tunu alisimama mbele ya kioo, hatulii, akiegemea mara mguu huu, mara mguu ule. Arusi ilikuwa kesho kutwa, na mama wa mchumba wake alikuwa barazani akisubiri kuliona gauni.

"Jamani, bado tu?" sauti yake ilisikika.

"Mwanangu, zipu haitanyooka," fundi alisema kwa upole. "Uti wako wa mgongo umepinda kama herufi S. Nikiivuta huku, inabinuka kule. Nikuwekee mtandio mrefu ufunike?"

Tangu utotoni Tunu alikuwa akiketi mgongo ukutani. Hata mchumba wake hakuwahi kuuona. Alitaka kusema ndiyo, yaishe. Lakini alipofikiria maisha yote ya kutafuta ukuta, alitikisa kichwa.

"Ishone ifuate mgongo," alisema. "Unapopinda, nayo ipinde."

Bi Salme akashika chaki, akachora taratibu, kushoto chini ya bega, kisha kulia hadi kiunoni. Cherehani iliponyamaza, Tunu alilivaa gauni. Safari hii lilimkaa.

"Mwite," alisema.

Mama mkwe aliingia, akasimama nyuma yake. Tunu alifumba macho. Kisha akahisi kidole kimoja kikigusa zipu pale shingoni, kikaanza kuteremka polepole, kikiifuata kona ya kwanza.